Hadi Kupambazuke

Nilianza kutia sauti muvi mwaka 2010, Manzese, upande wa Midizini, ndani ya chumba ambacho kuta zake tulizitundika magodoro ya zamani ili honi za Barabara ya Morogoro zisiingie kwenye maiki. Kazi yenyewe ni ya mtu mmoja. Unaitazama muvi mara tatu, unaandika kwenye kaunta buku nani kasema nini na dakika ya ngapi, kisha unavaa hedifoni na kuwasemea wote kwa Kiswahili: steringi, mke wake, bosi wa maadui, mtoto anayelia, hata redio iliyowashwa jikoni. Kesho yake usiku muvi inachezwa kwenye kibanda chetu, kibanda umiza cha mabati na turubai jeusi, mabenchi kumi na mawili, kiingilio shilingi 300, na ubao wa chaki nje ya mlango. Ruhusa ya wenye muvi hatukuwa nayo. Nalisema hilo mapema kwa sababu nitakayoyaeleza yanahusu makosa yangu, na sitaki kuchagua lipi nilitaje na lipi nilipitie pembeni.

Muvi zilizojaza mabenchi kuliko nyingine zote, kuliko hata za kung-fu, zilikuwa zile ambazo mtu anasakwa na anatafuta pa kuingia. Kuna mpaka mbele, au geti la ubalozi, au ndege inayowasha injini, na nyuma yake kuna watu wenye bunduki. Kibanda kizima kinasimama. Vijana wanampigia kelele kama vile anawasikia: kulia, kulia, pita kulia! Wote wanajua steringi hafi, lakini roho zinawadunda vilevile.

Sikuhitaji kumfafanulia mtu yeyote ubalozi ni nini. Uswahilini kwetu neno hilo lina nyumba yake. Nilipokuwa mdogo Tandale, jirani yetu mmoja alikuwa akipigwa na mumewe, na akizidiwa alitoka mbio gizani, kanga moja, kwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi alikuwa mzee mwembamba wa kikohozi, hana rungu wala mgambo. Lakini yule mume akifika pale kwenye kizingiti alisimama. Alitukana, alitishia, akazunguka uani, ila ndani hakuingia. Sisi watoto tuliona kwamba kuna mstari chini ambao mtu mwenye nguvu zake zote hawezi kuuvuka, na mstari ule hauonekani kwa macho. Miaka ishirini baadaye, kila nilipotafsiri mtu anarukia ukuta wa ubalozi, niliuona mlango ule.

Mwishoni mwa 2015 ikanifikia No Escape. Familia ya Kimarekani, baba, mama na mabinti wawili wadogo, imehamia nchi moja ya Asia ambayo muvi haiitaji jina. Baba amekuja kufanya kazi kwenye kampuni ya maji. Hata hawajazoea kitanda cha hoteli, serikali inapinduliwa na wageni wanaanza kuwindwa chumba kwa chumba. Kuna pale baba anapowarusha mabinti kutoka paa la hoteli kwenda paa la jengo la pili, ambako mama ametangulia ili awadake. Nimeona watu wazima wa Manzese, wabeba mizigo wa Mabibo, wakifumba macho kwa viganja. Mwisho wake wanateremka mto na mtumbwi kuelekea Vietnam, waasi wako nyuma yao ukingoni, askari wa mpaka wa Vietnam wako mbele, na wote wamenyanyua bunduki. Familia inaomba hifadhi.

Neno lile la Kiingereza, asylum, nililitafuta kwenye kamusi. Nikapata maana mbili: hifadhi, na hospitali ya vichaa. Ya pili haikuhusika. Ya kwanza niliiona baridi, ikanikumbusha Mikumi na Serengeti, swala na magari ya watalii. Kwa hiyo sikutumia hata moja. Nikamfanya baba apige kelele tu, "Jamani tuokoeni!" na nikamfanya askari wa Vietnam amuulize kitambulisho cha mpiga kura, maana 2015 ulikuwa mwaka wa uchaguzi na kila mtu mle ndani alikuwa ametoka kupanga foleni ya BVR, zile mashine za kuandikisha wapiga kura. Kibanda kilicheka. Baba ana watoto wawili mtumbwini, mitutu mbele na nyuma, na mimi nikawapa watu kicheko.

Mmoja hakucheka. Alikuwa fundi cherehani aliyekaa barazani kwetu, mzee wa miaka hamsini na kitu, mshonaji wa sare za shule. Hakuwa akilipa kiingilio kwa sababu alitushonea turubai bure. Watu walipotawanyika alinifuata nikikusanya mabenchi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Yule baba pale majini, kwa lugha yao alisema nini hasa?"

Nikamwambia aliomba hifadhi.

"Basi ungesema hivyo."

Akaondoka. Nilidhani amekasirika kwa sababu ya uchaguzi.

Ilinichukua wiki kadhaa za kukaa pembeni ya cherehani lake kupata habari kamili. Alizaliwa Burundi mwaka 1963. Mwaka 1972, mauaji yalipoingia kwao, mama yake aliondoka naye pamoja na mdogo wake wa mgongoni. Nilimuuliza, kwa mazoea ya kazi yangu, walikimbia umbali gani. Akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Hatukukimbia. Anayekimbia anasikika."

Walitembea usiku. Mchana walilala kwenye majani. Yeye alishika pindo la kanga ya mama, na amri ilikuwa moja: ukiliachia usiite, simama hapohapo, mimi nitarudi. Hadi leo, aliniambia, akishona pindo hulipitisha sindano mara mbili. Nililitazama pindo la sketi ya bluu lililokuwa mbele yake na kweli kulikuwa na mistari miwili ya uzi, imekaribiana kama reli.

Upande huu wa mpaka walipokewa, wakapelekwa Ulyankulu, Tabora, wakapewa jembe na kipande cha pori. Pale akakua, akalima mahindi na tumbaku, akaoa, akazaa. Kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali, hata kama ni kwenda kumzika mtu. Warundi wa 1972 walikuja kuomba uraia, na mwaka 2010 ikatangazwa kwamba zaidi ya watu 162,000 wamekubaliwa, lakini vyeti vyenyewe vilianza kugawiwa Oktoba 2014. Hesabu ni miaka 42. Cheti chake kilikaa kwenye bahasha ya kaki, bahasha ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya droo ya cherehani, chini ya bobini na chaki za kuchorea. Alipokipata ndipo alipopanda basi kuja Dar kwa binti yake, kwa mara ya kwanza bila kuomba ruhusa ya mtu.

Nilikuwa nimetia sauti muvi zaidi ya mia za watu wanaokimbia, na neno lenyewe, mkimbizi, limetoka kwenye kukimbia. Kumbe mbio ni sehemu ndogo sana. Yule mzee alitembea usiku chache, kisha akasubiri miaka 42. Hiyo ya pili hakuna aliyenipa niitafsiri.

Sasa nifike kwenye usiku wenyewe.

Ilikuwa Machi 2016, masika ndiyo kwanza yanaanza. Burundi ilikuwa imeharibika tena tangu Aprili mwaka uliotangulia, watu walikuwa wameshuka kwa maelfu hadi Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na meli ya zamani ya MV Liemba ikawa inawavusha kwa mafungu kwenda Kigoma. Hayo nilikuwa nimeyasikia redioni. Usiku huo nilikuwa nimeirudisha No Escape kwa maombi ya wateja. Tulikuwa tumepita sehemu ya mapaa, tunakaribia mtoni, mvua ikapiga bati kiasi kwamba sauti yangu mwenyewe siisikii, na umeme ukakatika. Nikasubiri dakika ishirini. Nikarudisha viingilio.

Watu walipotoka nikamwona fundi mlangoni, na nyuma yake kijana wa miaka kumi na tisa hivi, shati limemganda mwilini, viatu ameshika mkononi. Alikuwa amesimama pale kwenye upenyo wa turubai tangu katikati ya muvi, akichungulia. Ni mjukuu wa mama mdogo wa fundi, aliyebaki kule mwaka 1972. Alikuja na lori hadi Dar moja kwa moja, bila kupita kambi yoyote, kwa sababu alichokuwa nacho ni jina la mtaa na neno "fundi".

"Mwanangu," mzee akaniambia, "huyu alale hapa kwenye benchi hadi kupambazuke. Asubuhi nampeleka mwenyewe akajitokeze."

Nataka nieleze nilichofikiria, sio ili nijipatie huruma, ila kwa sababu ndivyo hofu inavyofanya kazi. Wiki mbili kabla, mtaani ilipita habari ya msako wa wahamiaji wasio na vibali. Kibanda changu chenyewe hakikuwa na karatasi zote. Nilikuwa na mtoto wa miezi minne. Na nilimtazama yule kijana nikaona, Mungu anisamehe, sio mtu aliyelowa, bali tatizo linalonisogelea. Nikasema, "Mzee wangu, hapana. Nina familia." Nikashusha turubai, nikafunga kufuli. Fundi hakusema neno. Alivua koti lake akamvika yule kijana, wakaingia kwenye mvua.

Kwake hawakuweza kwenda. Alikaa chumba kimoja na binti yake na wajukuu watatu, na mwenye nyumba alikwishakataza wageni. Walikaa kituo cha daladala. Kabla ya adhana ya alfajiri doria ikapita. Mzee alikuwa na cheti chake kifuani, wakamwacha. Kijana wakamchukua.

Ilichukua wiki tano kujua yuko wapi. Mwanasheria mmoja wa msaada wa kisheria ndiye aliyemfuatilia, na mwishowe akasafirishwa kwenda Kigoma, akaandikishwa kambi ya Nduta, wilaya ya Kibondo. Yuko hai. Lakini wiki tano zile alilala sakafuni na watu waliohukumiwa kwa wizi, na alipohojiwa, swali lililorudi kila mara lilikuwa hili: kama ulikuwa unatafuta hifadhi, mbona ulikamatwa, kwa nini hukujitokeza?

Fundi alirudi barazani wiki iliyofuata. Alinijibu salamu. Kwa siku nyingi hilo tu. Kisha jioni moja, uzi mdomoni, akaniambia bila kuniangalia:

"Sikukuomba umfiche. Nilikuomba asubuhi."

Maneno hayo nimekaa nayo. Yule mwanasheria, niliyemfuata baadaye kwa aibu yangu, alinieleza uzito wake. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka anayeingia nchini kutafuta hifadhi ajitokeze kwa ofisa ndani ya siku saba. Yule kijana alikuwa bado ndani ya siku zake. Saa saba au nane za benchi kavu zingemfanya mtu aliyekwenda mwenyewe kwa miguu yake, ameshikwa mkono na mzee wake. Mimi nilizikata saa zile. Na wakati ule Warundi walikuwa bado wanapokewa kwa pamoja, kwa kujulikana tu wametoka wapi. Januari 2017 utaratibu huo ulisimamishwa na ikawa kila mtu aeleze kisa chake peke yake, apimwe peke yake. Kwa hiyo hata angepata pa kulala mwaka mmoja baadaye, mlango ungekuwa mwembamba zaidi.

Baada ya pale sikuweza tena kutia sauti muvi za namna hii kama zamani. Nilianza kuuliza. Mwanasheria alikuwa na subira na mimi, akanifungulia mambo ambayo muvi zilikuwa zimenifundisha vibaya kwa miaka mitano.

La kwanza lilinivunja moyo kwa sababu ya yule balozi wa Tandale. Nilidhani anayeingia ubalozini ameingia nchi nyingine. Hapana. Mkataba wa Vienna wa 1961 unasema askari wa nchi mwenyeji hawaruhusiwi kuingia jengo la ubalozi bila ridhaa ya mkuu wake, basi. Ardhi inabaki ya mwenyeji. Aliye ndani hajatoka nchini kwake, na mkimbizi kwa mujibu wa Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ni mtu aliyeko nje ya nchi yake. Ndiyo maana aliyeingia ubalozini anaweza kunasa humo. Kardinali József Mindszenty wa Hungaria aliingia ubalozi wa Marekani mjini Budapest mwaka 1956, akatoka 1971. Miaka 15 kwenye jengo moja. Julian Assange, yule wa WikiLeaks, alikaa ubalozi wa Ecuador mjini London tangu Juni 2012 hadi Aprili 2019. Kwenye muvi zetu, geti likishafungwa nyuma ya steringi tunapiga makofi na kuwasha taa. Nilipopigia hesabu miaka ile 15 nikakumbuka kwamba hata mke wa Tandale asubuhi ilikuwa inamkuta, na alikuwa anatoka kwa balozi akirudi kulekule.

La pili ni bunduki. Steringi wa muvi hizi anafika mpakani ameua watu ishirini. Kwa kweli anayebeba silaha na kupigana hapokelewi kama mkimbizi hadi aiweke chini na iaminike ameiacha, na aliyetenda uhalifu wa kivita mkataba unamkataa kabisa. Wenye nafasi ya kupokelewa ni wale ambao muvi huwapitisha nyuma ya steringi kwa sekunde mbili: mwanamke mwenye sufuria kichwani, mzee kwenye baiskeli ya kusukumwa. Nilirudia baadhi ya kazi zangu za zamani kuwatazama hao tu. Wapo kila muvi. Hawana sauti, na sikuwahi kuwapa.

La tatu lilinipa fahari, na nalisema kwa sababu nayo ni kweli. Mkataba wa 1951 uliandikwa ukiwa na Ulaya kichwani. Ule wa Afrika, wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliosainiwa Addis Ababa Septemba 1969, ulipanua mlango: unamtambua hata aliyekimbia vita na vurugu zilizovuruga nchi, bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi ndiye aliyelengwa. Na unasema kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la kibinadamu, nchi nyingine isilichukulie kama uadui. Nyerere alipewa Nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa jinsi Tanzania ilivyowapokea watu. Sisi wa Dar tunapita juu ya historia hiyo kila siku na daladala. Sam Nujoma wa Namibia, ambaye barabara ya Mwenge kwenda Ubungo ina jina lake, chama chake kilikuwa na makao hapa. Mandela, ambaye malori ya bandarini yanapita kwenye barabara yake, alifika hapa Januari 1962 akiwa ametoka Afrika Kusini kwa siri, na alichopewa na Tanganyika ili aweze kuzunguka Afrika ilikuwa karatasi: inamtaja jina, inasema ana ruhusa ya kutoka na kurudi. Nikimfikiria yule kijana, nafikiria karatasi ile. Haikuwa helikopta.

Kuna muvi ya Argo, ya 2012, ambayo wateja wangu waliipenda sana. Wamarekani sita wamefichwa na wanadiplomasia wa Kanada mjini Tehran, mwishoni mwa 1979 hadi Januari 1980, na mwishowe magari ya askari yanaifukuza ndege yao kwenye njia ya kurukia. Tukio hilo la kufukuzana halikutokea. Walipanda ndege, ndege ikaruka. Naelewa kwa nini mtengeneza muvi aliyaongeza yale magari, benchi la mbao linauma na watu wamelipa. Lakini kilichowaokoa wale sita ni watu walioacha wageni wakae ndani kwao wiki hadi wiki, wakala nao chakula cha jioni, wakijua hatari yake. Nilivyoifanyia kazi muvi ile mara ya kwanza niliweka nguvu zote kwenye magari. Wenye nyumba niliwasemea harakaharaka, kama wafanyakazi wa hoteli.

Mwaka 2021 ikaja ya Wakorea, Escape from Mogadishu. Somalia, mwanzo wa 1991, serikali ya Siad Barre inaanguka, na balozi mbili za nchi moja iliyogawanyika, Korea Kaskazini na Korea Kusini, zimenaswa katika mji mmoja. Wa Kaskazini wamepoteza jengo lao. Wanatembea usiku na watoto wao hadi geti la mahasimu wao wa Kusini. Wanasimama pale. Ndani kuna mjadala: tufungue, tusifungue, tukifungua tutaulizwa nini nyumbani, hawa watatuponza.

Nilikuwa nafanya kazi kupitia maandishi ya Kiingereza chini ya picha, kaunta buku mapajani. Nilipofika hapo nikasimamisha. Kila neno la yule aliyekuwa ndani nililijua kabla sijalisoma. Nina familia. Sio kazi yetu. Watatuponza. Kwa miaka yote nilikuwa nakaa upande wa walioko nje ya geti, kwa sababu muvi humkalisha mtu upande huo na yeye anadhani ndipo angesimama. Mimi nilijua niliposimama. Nilitia sauti ya yule mtu wa ndani bila kumfanya mbaya na bila kumfanya wa kuchekesha, na nilipomaliza mgongo wa shati ulikuwa umelowa jasho.

Baadaye kwenye muvi hiyo wanavika magari yao mifuko ya mchanga na vitabu, wanapita katikati ya risasi hadi ubalozi wa Italia, na ndege inawashusha Mombasa. Vijana walizungumzia vitabu vile wiki nzima. Fundi alizungumzia Mombasa. Pale uwanjani wale watu waliookoana wanaagana wakiwa bado ndani ya ndege, kisha wanashuka na kupita kila kundi upande wake bila hata kutazamana, maana wakubwa zao wanawasubiri. Alinigusa bega gizani, akasema, "Hao wamefika, na bado wanaogopa. Hii ni ya kweli."

Wiki ile nilirudia No Escape. Nilifuta kazi yangu ya 2015 yote na kuanza upya. Pale mtoni nikaandika mistari miwili tu: "Tunaomba hifadhi. Tuna watoto." Kitambulisho cha mpiga kura kikatoka. Askari wa Vietnam nikamwacha aseme anachosema. Kisha, tangu mtumbwi unavuka hadi bunduki za ng'ambo zinashuka, nikazima maiki. Usiku wa kuonyesha kuna waliopiga kelele, "DJ kalala!" Nikawaacha. Walinyamaza wenyewe.

Yule kijana ana miaka zaidi ya ishirini na tano sasa. Ana mke aliyempata kambini na mtoto wa kike. Mwaka 2022 fundi alinipa simu, nikamsalimia kwa mara ya kwanza, nikamwomba radhi. Alikaa kimya kidogo, mtandao nao unakatika na kurudi. Akasema, "Kaka, ile muvi ya usiku ule. Umeme ulikatika hawajafika mtoni. Iliishaje?"

Nikamwambia walivuka.

"Wakafunguliwa?"

"Wakafunguliwa."

"Halafu?"

Nikamwambia halafu wako hospitali, wote wanne kitandani, wanasimuliana hadithi ya siku binti mkubwa alipozaliwa, na muvi inaisha. Akauliza waliandikishwa wapi. Nikasema haionyeshi. Akaniomba nimtumie, aione mwenyewe na mkewe, kuna mtu ana laptopu.

Niliiweka kwenye flashi, ile yenye sauti mpya. Fundi alikata kipande cha kaki kilichobaki kwenye kaptula za darasa la tano, akakikunja, akashona kimfuko kisichozidi kidole gumba, akakifunga pande zote nne kwa mistari miwili ya uzi. Saa tisa na nusu usiku tukapanda bodaboda kwenda stendi ya Mbezi, mzee katikati, kumsubiri mama mmoja wa Kibondo anayesafiri na basi la alfajiri.